Bukavu: Saa ya elimu ya maisha iko kwenye ratiba, sasa ifundishwe kwa mikono

Kila siku ya masomo, baada ya kengele ya mwisho, wanafunzi wenye shati nyeupe na suruali au sketi ya bluu wanapita mbele ya soko la Nyawera, komini ya Ibanda, wakirudi nyumbani. Pembeni ya barabara mama wanauza lengalenga, nyanya, sambaza na makala. Mama mmoja aliyeacha masomo mapema anapokea noti ya dola, anarudisha franga, anatenga mtaji na faida, kisha anafunga kwenye kitenge sehemu ya likelemba ya siku hiyo. Yote anayafanya kwa kichwa, bila kalamu.

Finalisti anayepita mbele yake ameandika hesabu kwenye daftari kwa miaka 12. Kama amesoma komersi na usimamizi, anajua kupanga bilani kwa kufuata kanuni za OHADA, ambazo Kongo ilizikubali mwaka 2012. Lakini apewe pesa ya mama huyu, aambiwe alishe watu sita kwa wiki nzima, alipe maji, makala na usafiri, na abakize mtaji wa Jumatatu. Hapo ndipo vijana wengi wenye diploma wanakwama.

Kosa si la mwanafunzi. Shule imemfundisha kile ambacho mtihani wa serikali, Exetat, utamuuliza, naye amejifunza. Swali linawahusu wakubwa: kwa nini mji ambao umepita vita, magonjwa, moto na kufungwa kwa mabanki unaendelea kuwapa watoto wake diploma bila kuhakikisha kwamba wanaweza kuishi wiki moja peke yao?

Somo lipo, mikono haipo

Mara nyingi jambo hili likizungumzwa, jibu la haraka ni kwamba serikali iongeze somo jipya. Si lazima. Kwenye buletini ya shule ya sekondari kuna mstari unaoitwa Éducation à la vie, yaani elimu ya maisha. Kuna pia elimu ya uraia na maadili. Na tangu mageuzi ya programu ya sayansi yaliyoanza mwaka 2018, mtoto wa darasa la saba na la nane anasoma fizikia pamoja na teknolojia na matumizi ya kompyuta. Sheria ya elimu ya taifa, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, nayo inasema lengo la elimu ni kumjenga Mkongomani mwenye kuwajibika, mwenye manufaa kwake mwenyewe na kwa jamii.

Kwa hiyo sheria ipo, saa zipo na pointi zipo. Kinachokosekana ni mikono. Katika vyumba vingi vya darasa, saa ya elimu ya maisha ni saa ya kunakili. Mwalimu anaandika ubaoni sehemu ya kwanza mpaka sehemu ya nne, wanafunzi wanaandika, wiki inayofuata wanafanya enterro. Mtoto anaweza kupata 18 kwa 20 kwenye somo la usafi wa maji bila kusafisha hata bidoni moja. Anaweza kutaja aina tatu za moto bila kujua afanye nini siku mafuta yanapowaka ndani ya sufuria.

Si kwamba walimu hawajui. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani, bila vifaa, na ambaye mshahara wake wenyewe ni wa mashaka, anafundisha kwa njia inayowezekana: chaki na ubao. Mwinspekta naye akifika anaangalia daftari la maandalizi na jarida la darasa. Haangalii kama mwanafunzi anaweza kufanya alichoandika. Kila mtu anatimiza kazi yake kwenye karatasi, na mwishowe kijana anatoka na karatasi.

Hesabu ambayo shule inaifundisha bila kuitaja jina

Chukua mfano mmoja tu, wa pesa. Tangu Februari 2025, wakati AFC/M23 ilipoingia Bukavu, mabanki ya mji yalifunga milango. Familia ambazo zilikuwa zikienda kuchukua mshahara kwenye gishe zilibaki na simu, mawakala wa pesa za simu na wabadilishaji wa barabarani. Kila anayetoa pesa anaacha kitu njiani. Na pale pesa inapopungua, mtu anayejulikana na kila mtaa anapata wateja wengi zaidi: mkopeshaji wa "banki Lamberi".

Kijana anayekopa kwa Lamberi anafikiri juu ya dola 100 anazopokea. Hafikiri juu ya miezi inayokuja. Kama riba ni 30 kwa 100 kila mwezi, na asipolipa chochote, mwezi wa kwanza deni linakuwa dola 130. Mwezi wa pili riba inahesabiwa juu ya 130, deni linafika dola 169. Mwezi wa tatu linakaribia dola 220. Katika miezi mitatu deni limezidi mara mbili, na simu, televizyo au kiwanja cha baba kilichowekwa rehani kinaondoka.

Hesabu hiyo ni ile ile ambayo wanafunzi wa sekondari wanaifanya chini ya jina la "progresio ya jiometria". Wanaipatia pointi. Lakini hakuna anayewaambia kwamba namba hizo ndizo zinazomnyang'anya jirani yao kiwanja. Saa moja tu ingetosha: mwalimu wa hesabu aandike dola 100 ubaoni, aandike 30 kwa 100, kisha awaachie wanafunzi waendelee mpaka mwezi wa sita. Watafika zaidi ya dola 480. Darasa halitasahau.

Vilevile likelemba na vile vikundi vya akiba na mikopo vinavyoitwa AVEC. Mama wa Nyawera wanavijua kwa sababu wamo ndani. Wanajua kwamba AVEC inahitaji sanduku, kitabu cha mahesabu, faini kwa anayechelewa, na siku ya kugawana. Darasa la watu 40 linaweza kuendesha AVEC yake kuanzia mwezi wa tisa hadi mwezi wa sita kwa franga kidogo sana, chini ya macho ya mwalimu. Mwishoni mwa mwaka wanafunzi wangejua mambo ambayo semina ya siku tatu hotelini haifundishi: kukataa kumkopesha rafiki asiyelipa, kutunza kitabu mbele ya wote, na kungoja.

Moto, mbabula na bidoni

Mfano wa pili unahusu uhai. Bukavu ni mji wa nyumba za mbao zilizobanana kwenye milima. Kadutu hasa inajua maana ya usiku mmoja wa moto: nyaya zilizounganishwa kiholela, mshumaa ulioachwa juu ya meza wakati umeme umekatika, mbabula iliyowashwa karibu na pazia. Nyumba moja ikishika, barabara ni nyembamba, gari la kuzima moto halipiti, na asubuhi familia nyingi ziko nje.

Moto mwingi wa aina hiyo unazimwa au unasambaa katika dakika za kwanza, na dakika hizo ziko mikononi mwa mtu aliye nyumbani. Mara nyingi ni mtoto wa shule. Je, anajua kwamba mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji, bali sufuria inafunikwa kwa kifuniko bila kuihamisha? Anajua kwamba waya ukitoa cheche, kitu cha kwanza ni kushusha disjonkta, si kumwaga bidoni? Anajua kwamba mtu aliyeungua anawekewa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na si dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala majivu?

Kuna kifo kingine kisicho na kelele. Usiku wa baridi, familia inaingiza mbabula chumbani, inafunga mlango na dirisha, inalala. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Wanaolala hawaamki. Mwanafunzi wa kemia na biolojia anaweza kuandika fomula ya hewa hiyo bila kosa. Kama hajaambiwa kwamba hewa hiyo ndiyo inayotoka kwenye mbabula ya mama yake, fomula haijamsaidia.

Na maji. Mji ulio kando ya ziwa unaishi kwa bidoni, na kipindupindu kinarudi kila mara. Mwaka 2024, aina mpya ya mpox iliyokuwa imeonekana kwanza Kamituga ilifika Bukavu na kuwakumbusha watu wote umuhimu wa sabuni. Kuchemsha maji hadi yabubujike, kuyahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na mdomo mwembamba, kupima klorini kwa bidoni ya lita 20: hayo ni mambo ya dakika 50 uwanjani. Hayahitaji maabara. Yanahitaji bidoni, mbabula moja na mwalimu aliyeruhusiwa kutoka nje ya darasa.

"Hayo anajifunza nyumbani"

Wazazi wengi watapinga. Watasema: sikulipa minervali ili mtoto afundishwe kupika; kupika anajifunza nyumbani. Hoja hiyo inastahili jibu, kwa sababu wanaoitoa ni watu wanaojinyima ili mtoto asome. Shule ya msingi ya serikali ilifanywa ya bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari bado inawauma wazazi kila mwezi.

Jibu la kwanza ni kwamba nyumba ya leo haifundishi kama zamani. Mama anatoka alfajiri kwenda Kadutu, Nyawera au mpakani Ruzizi, anarudi giza limeingia. Baba anaweza kuwa Shabunda kwenye machimbo, au hayupo tena. Familia zilizokimbia vita zinaishi chumba kimoja kwa watu wa familia, pamoja na watoto wa ndugu. Hapo hakuna anayefundisha. Kuna anayefanya haraka ili watu wale.

Jibu la pili ni zito zaidi. Nyumba inafundisha, lakini inafundisha upande mmoja. Msichana anajua kupika, kufua na kulea tangu ana miaka minane. Kaka yake anafika miaka 20 bila kujua kuosha shati yake. Akienda kusoma Goma, Bujumbura au Kampala, anakula mikate na chai mpaka anaugua, au anatafuta msichana wa kumpikia. Msichana naye anajua kazi zote za nyumba, lakini hajawahi kushika kitabu cha mapato na matumizi, hajawahi kusoma mkataba, hajawahi kubadilisha balbu wala kufungua bomba lililoziba. Wote wawili wamelelewa ili wamhitaji mtu mwingine. Hakuna aliyefundishwa kusimama.

Historia ya eneo hili inaonya hapo. Wakati wa Wabelgiji, kulikuwa na foyers sociaux, vituo vya kuwafundisha wanawake Waafrika kushona, kupika na kupiga pasi. Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilikuwa na kituo chake kati ya mwaka 1946 na 1960. Wengi walijifunza mambo ya maana pale. Lakini lengo lilikuwa kutengeneza mke mwema wa karani, si mwanamke anayeweza kuamua. Mwanaume hakualikwa. Kama elimu ya maisha itarudi shuleni kwa sura hiyo, wasichana jikoni na wavulana uwanja wa mpira, ni bora isirudi. Sindano na mwiko lazima vishikwe na wote, na vilevile bisibisi na kitabu cha mahesabu.

Sheria ya familia yenyewe imeshavuka huko. Marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa ile ruhusa ambayo mke alipaswa kuomba kwa mume kabla ya kufanya matendo ya kisheria. Msichana anayemaliza sekondari leo anaweza kusaini, kufungua biashara, kushitaki. Ni wajibu wa shule kumwambia hivyo kabla hajaolewa.

Kungoja mpaka mtu avunjike

Bukavu haikosi mahali pa kujifunza mambo haya. Kituo cha Cité de la Joie, kilichofunguliwa mwaka 2011, kinapokea wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono na kuwapa miezi sita ya mafunzo: kusoma, kujua haki zao, kujilinda, kufanya kazi za mikono. Maison Dorcas, ya Wakfu wa Panzi, inafundisha ushonaji na ufundi mwingine kwa wanawake waliotoka hospitalini. Taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, INPP, iliyoundwa mwaka 1964, ina ofisi na vyumba vya kazi mjini. Taasisi ya ufundi Fundi Maendeleo inatoa mafundi wa kweli.

Lakini ukiangalia vizuri, mlango wa sehemu hizi unafunguka kwa makundi mawili: waliochagua ufundi kama taaluma, na walioumizwa. Yule aliye katikati, mwanafunzi wa pedagojia, wa latini, wa kemia na biolojia, wa komersi, hana mlango. Itabidi aumie kwanza, ndipo shirika fulani limfundishe kutengeneza sabuni na kuhesabu mtaji. Ni njia ya gharama kubwa. Mafunzo ambayo mwanamke anapewa baada ya kunusurika, dada yake mdogo angeweza kuyapata akiwa bado darasani, kwa bei ndogo na bila machozi.

Yaliyowashinda majirani

Kongo si inchi ya kwanza kufikiri hivi, na makosa ya majirani yanaweza kuokoa muda. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza Elimu ya Kujitegemea nchini Tanzania. Wazo lilikuwa zuri: shule iwe na shamba, mwanafunzi ajue kazi, asidharau jembe. Sehemu nyingi shamba liligeuka kazi ya bure au adhabu. Mtoto aliyechelewa alipelekwa kulima. Akakua akiamini kwamba jembe ni la wenye makosa.

Kenya ilianzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ukiwa na sayansi kimu, sanaa na ufundi. Wazazi waliombwa kujenga karakana na kununua vifaa. Mzigo ukawa mkubwa, vifaa vikakosekana, watoto wakajifunza kushona kwa kusoma vitabu, na baadaye masomo hayo yaliondolewa kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Leo inchi zote mbili zimerudi kwenye jambo hilo kwa njia nyingine: Kenya kwa mtaala wa umahiri, Tanzania kwa mkondo wa amali.

Kongo nayo ina kumbukumbu yake. Wazee wa Bukavu wanakumbuka salongo ya miaka ya 1970, kazi ya lazima iliyopewa jina la kizalendo. Na mwanafunzi wa leo akisikia "kazi ya mikono", anafikiri kukata majani ya uwanja wa shule, kubeba mchanga au kuleta ufagio. Huo ni usafi, wakati mwingine ni adhabu, lakini si somo. Somo lina kitu cha kujua, njia ya kukifanya, na mtu anayekagua kama umekiweza.

Mafundisho matatu yanatoka hapo. Kazi ya mikono isitumike kama adhabu. Isiwe mzigo mpya wa pesa kwa mzazi. Na isiachwe bila pointi, kwa sababu shuleni kisichopimwa hakifundishwi.

Mambo kumi kabla ya diploma

Nini kifanyike? Jambo la kwanza linaweza kuanza bila kungoja Kinshasa wala mtu mwingine. Kila prefe, pamoja na walimu na kamati ya wazazi, wakubaliane juu ya orodha fupi ya mambo ambayo kila mwanafunzi, wa kike na wa kiume, wa seksheni yoyote, atayafanya mbele ya macho ya mwalimu kabla ya kumaliza darasa la mwisho. Mambo kumi yanatosha:

Kupanga bajeti ya familia ya watu sita kwa wiki moja, kwa bei za kweli za soko, kwa franga na kwa dola.

Kuhesabu deni la Lamberi na kulilinganisha na mkopo wa AVEC.

Kutunza siri ya namba ya pesa za simu, na kumtambua mwizi anayepiga akijifanya wakala.

Kusoma mkataba wa nyumba. Sheria ya Desemba 2015 juu ya kupangisha inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Kijana anayeombwa sita ajue la kujibu.

Kuandika barua ya kuomba kazi na historia fupi ya masomo yake, bila kulipa mtu wa sekretariati amtungie.

Kujua karatasi za maisha: mtoto anaandikishwa kwenye ofisi ya komini ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa.

Kusafisha maji ya bidoni na kuyahifadhi.

Kuzima moto wa mafuta na wa umeme, kusaidia aliyeungua na kuzuia damu.

Kupika maharagi na mboga kwa makala machache, kushona kifungo, kufua na kupasua shati bila kuiharibu kola.

Kupanda lengalenga ndani ya gunia, kwenye uwanja ambao hauzidi meta mbili.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji jengo jipya. Vifaa vya shule nzima vinaingia kwenye kabati moja: mbabula, sufuria mbili, bidoni, sindano, bisibisi, disjonkta ya mazoezi, magunia na mifano ya mikataba. Wafundishaji wako karibu. Mama wa soko aje asubuhi moja kwa muhula aeleze anavyotenga mtaji. Fundi umeme wa kartie aje na kisanduku chake. Msaidizi wa Croix-Rouge aje na bendeji. Muuguzi wa kituo cha afya aje na klorini. Walipwe nauli na chakula, kutoka kwenye pesa ambazo shule tayari inazikusanya, si kwa mchango mpya.

Jambo la pili ni la wainspekta. Wakifika shuleni waombe kuona, wasisome daftari tu. Wachague wanafunzi watano bila kutangaza na kuwaambia: wekeni bajeti, safisheni maji haya, someni mkataba huu. Siku wakifanya hivyo mara mbili, kila shule itabadilisha njia yake ya kufundisha.

Jambo la tatu ni la wazazi. Watamwuliza mtoto nini nyumbani? Kama ni pointi tu, shule itatoa pointi. Kama mzazi atasema, "Leo wewe ndiye unayepanga matumizi ya nyumba, pesa ni hii," na akamwambia hivyo mtoto wa kiume pia, saa ya elimu ya maisha itakuwa na mahali pa kuendelea.

Majina ya shule na maana yake

Wakati wa Otantisite, mashule ya Bukavu yalipewa majina ya Kiswahili ambayo bado yanatamkwa kila siku: Alfajiri, Wima, Fundi Maendeleo. Waliochagua majina hayo hawakuchagua maneno ya mitihani. Walichagua kucha, kusimama, na kufanya kazi inayosogeza watu mbele. Mji mzima ulikuwa unasema unatarajia nini kwa watoto wake.

Matarajio hayo hayajabadilika. Kilichobadilika ni kwamba leo kijana wa Bukavu anaweza kuachwa peke yake kwa usiku mmoja: wazazi wamekimbilia upande mwingine, benki imefungwa, barabara imekatika, nyumba ya jirani inaungua. Siku hiyo hakuna atakayemuuliza alipata asilimia ngapi kwenye Exetat. Wadogo zake watamuuliza watakula nini na maji haya yanafaa kunywewa au hapana.

Mwaka wa masomo unaanza mwezi wa tisa. Ratiba zitabandikwa ukutani na saa ya Éducation à la vie itakuwa pale, kama kila mwaka. Prefe mmoja akiamua kwamba saa hiyo itafanyika uwanjani, na bidoni, mbabula na mama mmoja kutoka soko la Nyawera, atakuwa ameanza. Wengine watakuja kuangalia.